KUZUIA BARUA PEPE NA UJUMBE USIOOMBWA: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali, pamoja na wananchi kwa jumla, hupokea katika kompyuta na simu zao barua na ujumbe ambao hawakuuomba, kutoka kwa watu wasiowafahamu. Baadhi ya barua hizo ni matangazo ya biashara yasiyo na madhara makubwa zaidi ya kupoteza wakati. Nyingine ni hadaa zilizopangwa kwa makusudi ya kuiba fedha, nywila au siri za ofisi. Wengi hudhani kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kubonyeza neno "Zuia". Dawa hiyo ipo na inafaa, lakini ina mipaka yake. Asiyeijua mipaka hiyo huweza kupata hasara mara mbili: kwanza kwa kudhani amesalimika ilhali hakusalimika, na pili kwa kumfungia mlango mtu mwenye haki ya kusikilizwa. Maelezo yanayofuata yanakusudia kufafanua namna barua hizo zinavyofika, kuzuia kunafanya kazi gani, na mtumishi na mwananchi wanapaswa kuchukua hatua zipi.

Tatizo lisilojua bahari

Barua ya aina hii haichagui pahala. Inafika katika ofisi za Vuga na Chake Chake kama inavyofika katika ofisi ya Serikali iliyo mbali kabisa na pwani. Ili jambo hili lieleweke kwa uwazi, inafaa kutazama sehemu moja iliyo mbali na Visiwa hivi, nayo ni Chitete, katika Mkoa wa Songwe, kusini magharibi ya Tanzania Bara. Mkoa huo uliundwa mwaka 2016 kutokana na kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya, na Chitete ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Mji maarufu wa upande huo ni Tunduma, uliopo mpakani na Zambia, ambako magari ya mizigo, reli ya TAZARA na wafanyabiashara wa nchi mbili hukutana kila siku.

Chitete imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ofisi ya wilaya iliyo mbali na makao makuu ya nchi hutegemea sana barua pepe na simu, na barua inayopotea huko haiwezi kufuatwa kwa miguu kama inavyoweza kufuatwa baina ya Vuga na Mazizini. Pili, mpaka uko karibu, na ujumbe wa simu hauonyeshi pasi unapovuka.

Tuchukue mfano, ambao si tukio la mtu yeyote maalumu bali ni picha ya mambo yanayotokea katika ofisi nyingi. Karani wa hesabu wa ofisi kama ile ya Chitete anafungua kompyuta asubuhi na kukuta barua nne mpya, zote kutoka kwa anuani ambazo hajapata kuziona. Ya kwanza ni tangazo la semina ya kulipia itakayofanyika Dar es Salaam. Ya pili imeandikwa kwa jina la "Msimamizi wa Barua Pepe", ikimwambia kwamba kikasha chake kimejaa na kwamba kitafungwa asipoingiza nywila yake kabla ya saa kumi jioni. Ya tatu inatoka kwa mzabuni anayefahamika na ofisi, ikiarifu kwamba akaunti yake ya benki imebadilika na malipo yajayo yapelekwe kwenye akaunti mpya. Ya nne haina kichwa cha habari, imeandikwa kwa haraka na kwa herufi ndogo tupu, na imetumwa kutoka anuani ya bure isiyokuwa ya ofisi yoyote. Ni ya mwalimu mstaafu anayeuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha ya malipo.

Karani mwenye kazi nyingi, akitazama kwa juu juu, huenda akazuia barua moja tu, nayo ikawa ile ya nne, kwa kuwa ndiyo yenye sura mbaya. Barua ya pili na ya tatu zimevaa nguo za heshima, naye akazifungua kwa utiifu. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Maelezo yatarejea kwa karani huyo baada ya kueleza yale anayopaswa kuyajua.

Asili ya barua zisizoombwa

Mambo haya yana umri kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 3 Mei, 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja la biashara kwa watu takriban 400 katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Aliwaalika waje kutazama mashine mpya za kampuni yake huko California. Wapokeaji wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao huo wakamkemea. Hata hivyo mashine zilinunuliwa, na somo likabaki kwamba njia hiyo ina faida.

Mwaka 1994 mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walieneza tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya mtandao wa Usenet. Tangazo hilo lilihusu bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani. Wananchi wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu bahati nasibu hiyo kwa jina la "Green Card", na mpaka leo jina hilo ni chambo kimojawapo cha walaghai.

Sababu ya kuendelea kwa tatizo ni nyepesi kuifahamu. Barua ya posta hugharimu karatasi, bahasha na stempu, na mtumaji ndiye anayelipa. Mtu anayetaka kuwapelekea watu 100,000 barua ya posta hana budi kununua stempu 100,000. Barua pepe haina stempu. Kutuma barua 1,000,000 humgharimu mtumaji kiasi kidogo mno, ilhali gharama ya kuzipokea, kuzihifadhi, kuzisoma na kuzifuta humwangukia mpokeaji na mwenye mtambo. Kwa hivyo, hata kama mtu mmoja tu kati ya maelfu mengi atahadaika, mlaghai amekwishapata faida yake.

Januari 2004, Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Microsoft, alitabiri huko Davos, Uswisi, kwamba tatizo hili lingekuwa limekwisha katika muda wa miaka miwili. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu utabiri huo, na makampuni ya usalama wa kompyuta bado hukadiria kwamba takriban nusu ya barua pepe zote zinazotumwa duniani ni barua taka.

Jina lililo juu ya bahasha

Jambo la msingi ambalo kila mtumiaji anapaswa kulielewa ni kwamba jina la mtumaji linaloonekana katika barua pepe limeandikwa na mtumaji mwenyewe. Kanuni za kupelekeana barua pepe baina ya kompyuta, zilizotungwa mwaka 1982, zilitungwa kwa ajili ya jamii ndogo ya wataalamu walioaminiana. Kanuni hizo hazikumlazimisha mtumaji kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Ni sawa na bahasha ya posta: mtu yeyote anaweza kuandika nyuma yake "Kutoka kwa Katibu Mkuu", na tarishi ataifikisha bila ya kuuliza.

Kwa sababu hiyo yapasa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni jina la kuonyesha, kama vile "Msimamizi wa Barua Pepe", ambalo mtu huliandika apendavyo. La pili ni anuani yenyewe, yenye alama ya @. Katika simu nyingi jina ndilo linaloonekana, na anuani hufichwa mpaka mtu aliguse jina hilo. Walaghai wanalijua hilo. Huweka jina la mkubwa wa ofisi juu ya anuani ya mbali kabisa, au hutumia anuani inayofanana na ya kweli kwa tofauti ya herufi moja.

Wataalamu wameweka vizingiti vitatu kupunguza udanganyifu huo. Cha kwanza, kiitwacho SPF, ni orodha inayotangazwa na mwenye anuani, ikitaja mitambo iliyoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Cha pili, DKIM, ni mhuri wa siri unaogongwa katika barua na mtambo wa mtumaji, ambao mtambo wa mpokeaji huweza kuuhakiki. Cha tatu, DMARC, ni maagizo ya mwenye anuani kuhusu barua isiyofaulu mitihani hiyo: ipokewe, itengwe au ikataliwe. Tangu Februari 2024 makampuni ya Google na Yahoo yamewataka watumaji wa barua nyingi watimize masharti haya. Kwa upande wa Google, hao ni wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa wenye anuani za Gmail. Wametakiwa pia kumwekea mpokeaji njia nyepesi ya kujiondoa katika orodha yao.

Hata hivyo ieleweke kwamba vizingiti hivi vinathibitisha anuani tu, wala havithibitishi nia. Mlaghai aliyesajili anuani yake mwenyewe kwa njia halali atapita, na mwizi aliyeiba nywila ya mtumishi wa kweli atatuma barua kutoka anuani ya kweli.

Kuzuia kunafanya kazi gani

Mtumiaji anapobonyeza "Zuia", anaiambia programu yake kwamba barua zitakazotoka kwa anuani ile zisiwekwe tena katika kikasha cha kawaida. Katika Gmail, kwa mfano, barua za aliyezuiliwa haziangamii papo hapo, bali hupelekwa katika sehemu ya taka, na huko hufutwa baada ya siku 30. Mtumaji haarifiwi kwamba amezuiliwa. Naye, kama ni mtu mwema, hubaki akingojea jibu lisilokuja.

Kuzuia kunafaa sana kwa mtumaji asiyebadili anuani: kampuni inayotuma matangazo kila wiki, mtu anayemsumbua mwengine kwa maneno, au orodha ambayo mtu alijiandikisha zamani na hana haja nayo tena. Hakufai sana kwa mlaghai hodari, kwa kuwa yeye hubadili anuani kila siku kama mtu anayebadili kofia. Mwenye kuzuia anuani 200 za walaghai amezuia anuani 200 ambazo aghalabu zilikwisha kuachwa na wenyewe.

Kwa walaghai hao chombo kinachofaa zaidi ni kichujio. Agosti 2002 mtaalamu wa programu wa Marekani, Paul Graham, alieneza njia ya kuchuja inayotumia hesabu za uwezekano zilizoanzishwa na kasisi wa Kiingereza, Thomas Bayes, katika karne ya 18. Kichujio cha namna hiyo huhesabu maneno. Kikiona kwamba maneno "umeshinda" na "thibitisha akaunti" hutokea mara nyingi katika barua zilizotiwa alama ya taka, na mara chache katika barua njema, basi barua mpya yenye maneno hayo hupewa alama mbaya. Vichujio vya leo vina elimu kubwa zaidi, lakini msingi wa kujifunza kutokana na mifano haukubadilika.

Hapa pana faida ambayo watumiaji wengi hawaijui. Kubonyeza "Ripoti taka" ni tofauti na kubonyeza "Zuia". Kuzuia humnufaisha mtu mmoja dhidi ya anuani moja. Kuripoti humfundisha mlinzi wa mlango wa wote. Barua za hadaa zinazoandikwa kwa Kiswahili haziwezi kufahamika vyema na mitambo iliyoko nchi za mbali ikiwa wasomaji wa Kiswahili wanazifuta kimya kimya. Kila barua ya namna hiyo inayoripotiwa ni somo linalowakinga wengine. Na kinyume chake, barua njema iliyotupwa katika taka kwa makosa ikitiwa alama ya "Si taka", mlinzi husahihishwa.

Ipo hatari ya kuzuia kupita kiasi. Ofisi nyengine huweka amri ya kukataa barua zote zinazotoka katika anuani za bure, kwa hoja kwamba huko ndiko wanakotokea walaghai. Hoja hiyo ina ukweli, lakini wakulima, wavuvi, wazee waliostaafu na wanafunzi nao hutumia anuani hizo hizo, kwa kuwa hawana nyengine. Amri ya namna hiyo huwafungia wananchi wote mlango ili kumkwepa mwizi mmoja. Ofisi ya umma haina ruhusa ya kustarehe kwa njia hiyo.

Ujumbe wa simu

Kwa wananchi wengi shida kubwa haiko katika kompyuta bali katika simu ya mkononi. Ujumbe uliozoeleka kuliko wote nchini ni ule usemao kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Ujumbe huo hauna ujanja mkubwa. Nguvu yake ni wingi. Ukipelekwa kwa maelfu ya watu, hapakosi mmoja ambaye asubuhi ile ile ameahidi kumtumia mtu fedha, naye hudhani kuwa ndiye. Katika mji wa biashara kama Tunduma, ambako fedha hutumwa kwa simu mchana kutwa, na katika Visiwa hivi nyakati za kukaribia sikukuu, watu wa namna hiyo si haba. Ujumbe mwengine humwambia mzazi kwamba mwanawe ameugua ghafla skuli na fedha za dawa zinahitajika upesi. Huo hutegemea hofu, na hofu haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Simu inatofautiana na barua pepe kwa jambo moja muhimu, nalo ni kwamba laini zake zina daftari la wenyewe. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari, 2020. Kwa hivyo namba iliyotumika kwa ulaghai huweza kufuatiliwa na kufungwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeweka namba 15040 kwa kazi hiyo. Mwananchi huupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye namba hiyo, kisha hufuata maelezo atakayorejeshewa ili kuitaja namba ya tapeli. Anayeizuia tu namba ile katika simu yake amejiokoa peke yake. Anayeiripoti amemsaidia na jirani.

Kadhalika, kila mwenye kitambulisho cha Taifa anaweza kubonyeza *106# katika simu yake na kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Akikuta laini asiyoijua, apige mbio kwa kampuni inayohusika ili ifutwe, kwa sababu uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kwa kumtaja yeye.

Wakaazi wa mpakani wana tahadhari ya ziada. Namba za Tanzania huanza kwa 255 na za Zambia kwa 260. Daftari la namba za Zambia liko mikononi mwa mamlaka za nchi hiyo, si za Tanzania. Mfanyabiashara wa Tunduma au mkulima wa Momba anayepata ujumbe kutoka ng'ambo ya mpaka asidhani kwamba namba hiyo itafungwa kwa wepesi ule ule. Hapo kuzuia katika simu yenyewe, pamoja na kutotuma chochote, ndiyo kinga ya kwanza. Vivyo hivyo kwa wakaazi wa Visiwani wenye jamaa katika nchi za Ghuba, ambao hupokea ujumbe wenye namba za ng'ambo: jina la jamaa lisitosheleze, bali sauti yake isikilizwe kwanza.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, imelitaja jambo hili waziwazi. Kifungu cha 20 kinakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na kughushi maelezo ya utambulisho wa ujumbe huo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 3,000,000 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata mkosaji, kwa kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au adhabu zote mbili. Kifungu cha 15 kinashughulikia kosa la kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inampa mtu haki ya kuitaka kampuni au taasisi yenye taarifa zake isizitumie kwa matangazo ya biashara. Mwenye duka aliyepewa namba ya simu kwa ajili ya kuleta mzigo hakupewa ruhusa ya kuitumia namba hiyo kwa matangazo ya kila siku.

Kwa upande mwengine, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuwasiliana. Ofisi ya umma inapoweka kizuizi, haina budi kuikumbuka ibara hiyo.

Karani na barua zake nne

Sasa inawezekana kurejea kwa karani wa mfano wetu kule Chitete na kutazama barua zake moja baada ya moja.

Barua ya kwanza, ile ya semina, ni tangazo. Kama kampuni inayotangaza inajulikana, ajiondoe katika orodha yake. Kama haijulikani, aizuie, wala asibonyeze chochote ndani yake, kwa kuwa kubonyeza huweza kumhakikishia mtumaji kwamba anuani ile ina mtu anayeisoma.

Barua ya pili, inayotaka nywila, ni hadaa. Hakuna msimamizi wa mfumo wa barua pepe wa Serikali mwenye haja ya kuuliza nywila ya mtumishi. Kuizuia anuani yake hakutoshi, kwa kuwa barua kama hiyo huenda imewafikia wenzake wote katika jengo, na mmoja wao yumo katika kuijibu wakati huo huo. Jambo la kwanza ni kumwarifu ofisa wa TEHAMA wa taasisi, ili azuie kwa wote na kuwatahadharisha watumishi.

Barua ya tatu, ya akaunti mpya ya benki, ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu huenda ikawa ya kweli na huenda ikawa ya uongo, na fedha zilizomo ni za umma. Hiyo haizuiwi wala haitekelezwi. Karani ampigie simu mzabuni kwa namba iliyomo katika jalada la mkataba. Asitumie namba iliyoandikwa katika barua yenyewe. Kisha adai uthibitisho wa maandishi uliotiwa saini kabla ya kubadili chochote. Simu moja ya dakika tano huweza kuokoa fedha za zahanati au za madawati.

Barua ya nne, ya mwalimu mstaafu, haina kosa lolote isipokuwa umaskini wa sura. Haiombi nywila wala fedha, bali inauliza haki yake. Hiyo ndiyo inayopaswa kujibiwa kwanza. Laiti karani angaliizuia, mwalimu yule angaliendelea kuandika, na kila barua yake ingaliangukia katika taka na kufutwa baada ya siku zake, pasi na mtu yeyote kujua kwamba aliwahi kuandika. Serikali ingalionekana kuwa haimjibu mzee wake, na kumbe haikumsikia.

Yanayopaswa kufanywa

Kutokana na maelezo haya, watumishi wa Serikali na wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Shughuli za Serikali ziendeshwe kwa anuani rasmi inayoishia na .go.tz. Anuani hiyo isitumike kujiandikisha katika maduka, michezo au bahati nasibu za mitandaoni.

2. Kabla ya kuiamini barua, anuani kamili ya mtumaji itazamwe, wala lisitazamwe jina peke yake. Barua inayotia haraka au hofu isomwe mara mbili.

3. Nywila asipewe mtu yeyote, kwa barua, kwa simu wala kwa mdomo. Palipo na uthibitisho wa hatua mbili, uwashwe, ili nywila iliyoibiwa isitoshe kufungua kikasha.

4. Matangazo yazuiwe, hadaa ziripotiwe kwanza, kisha zizuiwe. Katika ofisi taarifa ipelekwe kwa ofisa wa TEHAMA, na ujumbe wa simu wa kitapeli upelekwe kwa namba 15040.

5. Mabadiliko yoyote ya malipo yathibitishwe kwa njia nyengine isiyokuwa ile iliyoleta habari.

6. Kila ofisi inayopokea barua za wananchi imteue mtumishi wa kukagua sehemu ya taka angalau mara moja kwa wiki, ili barua njema zilizoanguka huko zirejeshwe kabla hazijafutwa.

7. Orodha ya anuani zilizozuiliwa ikaguliwe mara kwa mara. Anuani ya mwananchi isizuiwe kwa sababu tu ya wingi wa malalamiko yake.

8. Aliyekwisha kuhadaika asifiche kwa haya. Aibadili nywila yake mara moja, aiarifu benki au kampuni ya simu, kisha aende kituo cha Polisi. Ujumbe wenyewe usifutwe, kwa kuwa ndio ushahidi. Wazee wasiojua kutumia vyombo hivi wasaidiwe na watoto wao, au wamwendee Sheha awaelekeze.

Mlango wa nyumba una komeo, na mwenye nyumba ana akili ya kujua nani wa kumfungulia. Komeo bila ya akili humwacha mgeni mwema nje, na mwizi akaingia kwa dirisha. Watumishi wanaombwa waitumie njia ya kuzuia kwa uangalifu ule ule wanaoutumia katika kutunza majalada ya ofisi, na wananchi wanaombwa wasisite kuripoti kila ujumbe wa hadaa unaowafikia, hata kama wao wenyewe hawakudhurika.